Kwa Mwantumu, Kabla ya Jumatatu

Vaa dera lenye mikono mipana,
na bangili ziache nyumbani.
Kliniki ni ile ya Chuda, nyuma ya duka la magodoro,
mlango wa bluu; ukisikia redio ya mapokezi inakohoa,
umefika.

Watakuuliza ulivyoanguka. Usiseme "niliteleza tu."
Sema ulibeba ndoo, sakafu ina maji ya mchele,
ukatanguliza kiganja, na kifundo kikalia kama kijiti.
Hogo limetoka, najua. Na mkono umetoka mwembamba,
una magamba, kama mkono wa kuazima.

Usitarajie sindano.
Mimi siku ya kwanza nilikwisha kunja shati,
Semkiwa akacheka, akatoa kidude kama bikari ya shule,
akakilaza begani, akasoma: "Digrii arobaini."
Miaka ishirini na tisa natengeneza baiskeli Barabara ya Kumi na Mbili,
sijawahi kupimwa kama pembe.

Kisha swali. Nawe atakuuliza, jiandae:
"Unataka mkono huu ufanye nini?"
Nikajibu kifundi: kutundika baiskeli kwenye ndoano.
Akaandika. Akasubiri. Kalamu haikuondoka karatasini.
Ndipo nikausikia mdomo wangu ukisema
kwamba tangu mfungo sita, nikihirimia sala,
mkono wa kulia unafika sikioni, wa kushoto unaishia kifuani,
na kijana anayesimama ubavuni kwangu
hutazama pembeni, kwa adabu.
Hilo nalo aliliandika.

Ukutani kuna ngazi ya wino, namba moja hadi thelathini.
Vidole huipanda kama mjusi mwenye mashaka.
Nilifika tisa.
Yuko mama wa Pongwe, goti lake,
anasukuma mpira kwa unyayo akihesabu Kibondei.
Yuko dereva wa bodaboda anajifunza upya kushuka vidato viwili,
viwili tu, vya mbao, visivyokwenda popote,
na kila akivimaliza chumba kizima hunyamaza kidogo.

Utaumia, sikufichi.
Atauliza maumivu ni ngapi kati ya kumi;
usijikaze useme mbili na machozi yanachuruzika.
Kuna uchungu wa kukata: huo upigie kelele, ataacha.
Kuna uchungu wa kuvuta, kama cheni iliyolala mvuani
inapolazimishwa meno ya kwanza:
huo hesabu naye, polepole.

Nilipomwona anavyofanya nikajua, huyu mwenzangu.
Rimu ikipiga nane huipigi nyundo.
Unaizungusha, unasikiliza inapogusa,
spoku hii robo, ile robo, unairudia ya kwanza,
na mteja kasimama juani anaona hufanyi kitu.

Nusu saa, basi, unarudishwa kwako
na karatasi. Tiba yenyewe imo humo:
mara tatu kwa siku, mkono ndani ya beseni la maji vuguvugu,
kukamua kitambaa, kugeuza kiganja juu, chini,
kama unayepindua mkate wa kumimina ulionata.
Wiki ya pili nilidanganya, nikasema nimefanya yote.
Akakilaza tena kile kidude. Kikanisema.

Na zipo siku za kurudi nyuma.
Ikinyesha, mimi hupoteza digrii tano kabla ya chai.
Lakini jana, nikijaribu peke yangu kibandani,
kidole gumba cha kushoto kiligusa kitu laini, chenye joto.
Nikashtuka. Ni ncha ya sikio.

Jumatatu saa mbili nitafunga kazi.
Keria nimeikaza, nimeifungia kigodoro.
Utakaa upande, ushike tandiko kwa mkono mzima.
Ule mwingine ulaze mapajani.
Wakati wa kwenda hauna kazi.